Chakachua: safari ya mafuta ya taa ndani ya tangi la dizeli

Mwaka 2010 Bongo nzima iliokota kitenzi kimoja na kukitumia mpaka kikachuja rangi. Kuchakachua. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 31 ulipofika, kura zilichakachuliwa. Baada ya hapo ikawa zamu ya matokeo ya mitihani, maziwa, CD za muziki, vyeti, hata mapenzi. Mtu akikosa hoja barazani anakwambia, "acha kuchakachua." Ukisoma magazeti ya miezi ile utadhani neno lilizaliwa kwenye vituo vya kupigia kura.

Wapi! Neno lilipata umaarufu wake sheli. Kabla ya kura, kilichokuwa kinachakachuliwa ni wese. Mtu anachukua mafuta ya taa, yale yale ya kibatari cha bibi, anayamwaga ndani ya dizeli (wengine hata ndani ya petroli), halafu anauza kwa bei ya dizeli. Kura zikaliteka neno, sheli ikasahaulika, na mwaka mmoja baadaye dawa ya ugonjwa wenyewe ilipoletwa bungeni, wengi wetu hatukuangalia vizuri ni nani aliyechomwa sindano.

Ndiyo historia ninayotaka kuisimulia leo. Vumilia kidogo, itabidi tupite New York, Ireland na India kabla ya kurudi Dar.

Tuanze na mafuta yenyewe. Mafuta ghafi yakichemshwa kwenye mnara wa kiwanda cha kusafishia, kila kitu kinapanda na kutoka kwenye ngazi yake kulingana na joto. Gesi inatoka juu kabisa, kisha petroli. Mafuta ya taa yanatoka kati ya nyuzi joto kama 150 na 275, dizeli inafuata chini yake mpaka kwenye 360 hivi. Ukizitazama namba hizo utaona kwamba ngazi mbili zinapandana. Kuna sehemu ya pipa ambayo ukiamua kuiita mafuta ya taa ni mafuta ya taa, ukiamua kuiita dizeli ni dizeli. Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Na ndugu wa tatu, ambaye watu huwa hawamhesabu, ni mafuta ya ndege. Jet A-1 ni mafuta ya taa yaliyosafishwa na kupimwa kwa masharti makali zaidi.

Injini ya dizeli haina makuu. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na inasemekana watazamaji wengi hawakugundua tofauti. Kwa hiyo ukiimwagia mafuta ya taa haitazima, itawaka na gari litaondoka. Madhara yanakuja taratibu. Mafuta ya taa ni mepesi, hayana ule utelezi wa dizeli, na pampu ya dizeli pamoja na nozeli hutegemea mafuta yale yale zinayosukuma ili zisisagane. Ukizinywesha mchanganyiko huo miezi kadhaa zinalika, gari linakosa nguvu, linatoa moshi, fundi anashusha pampu. Mwenye sheli huyo hayupo kwenye hesabu ya fundi.

Sasa sikiliza hili. Kule Marekani kaskazini na Kanada, baridi ikikaza, dizeli ya kawaida, ile wanayoiita namba 2, inaanza kuganda nta yake na kuziba chujio. Wanafanyaje? Wanaichanganya na dizeli namba 1, ambayo kwa hakika ni mafuta ya taa kwa jina la heshima. Sheli inauza mchanganyiko huo hadharani na dereva anashukuru. Kitendo kile kile kinachomfikisha mtu mahakamani Kisutu ni huduma kwa wateja kule Minnesota wakati wa Januari. Kinachotenganisha mambo haya mawili ni kodi.

Na kodi ya dizeli ilianza na barabara. Magari yanaharibu barabara, basi anayechoma mafuta barabarani alipie barabara. Hoja hiyo haina ubishi. Lakini dizeli hiyo hiyo inalima shamba, inaendesha boti ya mvuvi, inasukuma jenereta, na katika nchi za baridi inapasha nyumba joto. Trekta haliharibu lami. Kwa hiyo serikali nyingi zikasema dizeli ya barabarani ilipe kodi kamili, ya shambani na ya nyumbani ipunguziwe au isamehewe. Kioevu kimoja kikapata bei mbili. Kuanzia siku hiyo kila nchi imekuwa na kazi ya kukimbizana na watu wanaohamisha mafuta kutoka bei ndogo kwenda bei kubwa.

New York ya miaka ya 1980 ndiyo shule kubwa ya mchezo huu. Mafuta ya kupashia nyumba joto na dizeli namba 2 ya malori yalikuwa kitu kimoja kabisa, tofauti ikiwa kwenye karatasi tu. Ya nyumbani hayakulipiwa kodi ya barabara. Magenge ya mafia ya Kiitaliano, yakishirikiana na wahamiaji waliotoka Umoja wa Kisovieti na kuweka kambi Brighton Beach, yakaunda mlolongo wa kampuni za mfukoni. Kampuni A inamuuzia B, B inamuuzia C, C inamuuzia D, yote kwenye makaratasi, lori la mafuta halijasogea hata mtaa mmoja. Katikati ya mlolongo kuna kampuni inayoandika kwamba imeshalipa kodi. Wapelelezi wakifika wanakuta chumba kimoja, simu moja na hakuna mtu. Michael Franzese, mmoja wa vigogo wa familia ya Colombo, alijipatia utajiri wake mkubwa kwenye kodi ya mafuta kuliko kwenye yale mambo tunayoyaona kwenye sinema.

Marekani ilijibu kwa rangi. Kwa sheria ya mwaka 1993, kuanzia Januari 1, 1994, kodi ya dizeli ilianza kukusanywa pale pale mafuta yanapotoka kwenye maghala makubwa, na yasiyolipiwa kodi lazima yatiwe rangi nyekundu. Mkaguzi anasimamisha lori barabarani, anachovya kijiti kwenye tangi, kikitoka chekundu kesi imekwisha. Faini ni dola 1,000 au dola 10 kwa kila galoni, itakayokuwa kubwa. Kodi yenyewe ni senti 24.4 kwa galoni, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe kama inalipa kuiba.

Kuna kichekesho hapo. Awali idara ya mazingira ilitaka dizeli chafu, yenye salfa nyingi, itiwe rangi ya bluu. Watu wa ndege wakashtuka, maana petroli ya ndege ndogo ni ya bluu tayari. Hebu fikiria rubani anajaziwa dizeli kwa sababu ya kufanana rangi! Wakahamia kwenye nyekundu.

Fedha zikaingia. Katika mwaka wa fedha 1994 makusanyo ya kodi ya dizeli yaliongezeka kwa zaidi ya dola bilioni moja, na ingawa sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kodi kupandishwa, wizara ya fedha ilikadiria kwamba mamia ya mamilioni yalitokana na watu kuacha kukwepa. Niombe ukumbuke jambo moja hapa: bei ya mafuta ya kupashia nyumba haikuguswa. Bibi wa Vermont aliendelea kuota moto wake kwa bei ile ile, mafuta yake yakiwa mekundu.

Uingereza nayo ina dizeli nyekundu kwa ajili ya wakulima, na ng'ambo ya mpaka, Jamhuri ya Ireland, dizeli ya shamba ni ya kijani. Mpaka kati ya Ireland Kaskazini na Jamhuri una mamia ya vijia vya mashambani, na hapo wakazaliwa mafundi wa kufua dizeli. Naam, kufua, kama unavyofua shati. Walianza kwa kutumia asidi, baadaye wakatumia udongo maalumu wa kufyonza rangi. Dizeli nyekundu au ya kijani inaingia upande mmoja, inatoka upande wa pili imetakata, inauzwa sheli kwa bei kamili. Kinachobaki ni tope lenye sumu. Wafuaji walikuwa wanalitupa usiku pembezoni mwa barabara za Armagh Kusini na Louth, na halmashauri za pale zikawa zinatumia fedha za umma kulizoa. Mwaka 2015 nchi hizo mbili zilianza kutumia kiashiria kipya kisichofulika kirahisi, na biashara ikaporomoka. Tarehe 1 Aprili 2022 Uingereza ilikwenda mbali zaidi na kupunguza orodha ya wanaoruhusiwa kutumia dizeli nyekundu. Kampuni nyingi za ujenzi zilizokuwa zinalipa ushuru wa senti 11 hivi za pauni kwa lita zikatakiwa kulipa kama magari mengine. Wakulima wakabaki na yao.

India iko karibu na sisi zaidi, kwa maana kule kilichoibwa ni mafuta ya taa. Serikali ilikuwa inauza mafuta ya taa ya ruzuku kwa familia maskini kupitia maduka ya mgawo, na yalitiwa rangi ya bluu ili yajulikane. Ya bluu yakaishia kwenye matangi ya dizeli. Novemba 19, 2005, kijana wa miaka 27, Shanmugam Manjunath, mhitimu wa chuo cha biashara cha Lucknow aliyekuwa afisa wa shirika la mafuta la Indian Oil, aliuawa kwa risasi huko Lakhimpur Kheri baada ya kukifuatilia kituo alichokuwa amekifungia kwa kuuza mafuta yaliyochanganywa. Januari 25, 2011, karibu na Manmad, Maharashtra, ofisa mkubwa wa wilaya, Yashwant Sonawane, aliwafumania watu kwenye shughuli ya wizi na uchanganyaji wa mafuta. Walimmwagia mafuta na kumchoma moto mchana kweupe. Ukisikia mtu anasema "mambo ya kuchakachua" huku anacheka, kumbuka majina hayo mawili.

Haya, turudi nyumbani.

Tanzania ya miaka ya 2000 ilikuwa na bei mbili kwa nia njema kabisa. Mafuta ya taa yalikuwa mafuta ya mnyonge. Nyumba nyingi za vijijini zilikuwa hazina umeme. Walikuwa na kibatari na chemli, na mjini aliyepanga chumba kimoja alikuwa na jiko la mchina. Watu walinunua kwa chupa ya soda, si kwa lita. Kwa hiyo ushuru wa bidhaa kwa mafuta ya taa uliwekwa chini sana: hadi mwanzoni mwa 2011 ulikuwa shilingi 52 kwa lita. Dizeli ilikuwa inalipa ushuru wa shilingi 314, na juu yake tozo ya shilingi 200 inayokwenda Mfuko wa Barabara. Jumla 514. Tofauti kati ya ndugu hawa wawili, kwa kodi hizo tu, ilikuwa shilingi 462 kwa kila lita.

Chukua lori la lita 10,000 za dizeli, toa lita 3,000, weka mafuta ya taa badala yake. Umetengeneza shilingi 1,386,000 kwa kazi ya nusu saa, na lori lako bado linanuka dizeli. Mshahara wa mwalimu ulikuwa kiasi gani wakati ule? Ndiyo maana sikushangai wewe uliyewahi kupiga foleni ya mafuta ya taa na kuambiwa yamekwisha, huku lori limeshusha jana.

Kulikuwa na mlango wa pili wa wizi ambao magazeti hayakuupenda sana kwa sababu hauna moshi. Bandari ya Dar inapokea mafuta ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na wengineo. Mafuta yanayopita hayalipi kodi ya Tanzania. Migodi mikubwa nayo ilikuwa na misamaha yake. Dizeli ya msamaha na dizeli ya sheli ni kitu kimoja, hata maabara haiwezi kuzitenganisha. Lori linaandikiwa Lubumbashi, linashushia Mbezi. Makaratasi yanagongwa mhuri kwamba limevuka mpaka. Hapa hakuna gari linaloharibika, na dereva anayenunua hana cha kulalamikia. Anayeibiwa ni barabara yenyewe.

Septemba 2010 EWURA ikaanzisha mpango wa kuweka vinasaba. Jina tamu hilo, kama mafuta yana baba na mama. Kilichofanyika ni hiki: mafuta yote yaliyolipiwa kodi kwa ajili ya soko la ndani yalitiwa kemikali maalumu ghalani, kidogo mno, isiyoonekana kwa macho, kwa kipimo kinachojulikana. Ya kupita na ya msamaha hayakutiwa. Mkaguzi anakuja sheli na mashine yake, anachukua sampuli, anasoma kiwango. Kikiwa pungufu, basi kuna kitu kimeongezwa, iwe mafuta ya taa, iwe dizeli ya Lubumbashi. Tazama akili ya kitu hiki. Mashine haiulizi kama mafuta ni mazuri, inauliza kama yamelipiwa. Wazungu walitia rangi kwenye mafuta ya bei ndogo ili yaonekane yakiingia pasipotakiwa. Sisi tulitia alama kwenye mafuta yaliyolipa, na kukosekana kwa alama ndiyo kosa. Kwa nchi yenye mafuta mengi ya kupita, njia hiyo ilikuwa ya busara, kwa maoni yangu. Vituo vilianza kukamatwa, faini zikatozwa, vingine vikafungiwa. Baadaye kazi hiyo ya vinasaba ilihamishiwa TBS.

Mpango ulikuwa haujamaliza hata mwaka mmoja ilipokuja bajeti ya 2011/12. Waziri wa fedha alikuwa Mustafa Mkulo. Mafuta ya taa yakatolewa kwenye shilingi 52 na kupelekwa shilingi 400.30. Dizeli ikashushwa kutoka 314 hadi 215.

Ile 400.30 ilichekesha watu. Senti thelathini za nini, wakati hata shilingi moja hatuioni? Lakini fanya hesabu. Dizeli 215, jumlisha tozo ya barabara 200, unapata 415. Mafuta ya taa 400.30. Pengo la shilingi 462 limekuwa shilingi 14.70. Hakuna mwizi atakayeamka usiku kwa shilingi 14. Kwa kipimo cha kuua motisha ya kuchakachua, hesabu ile ilikuwa safi kama hesabu ya mhasibu mzuri.

Ilifanya kazi, sibishi. Uagizaji wa mafuta ya taa ulianguka, na kuanguka kwenyewe kulikuwa ni ushahidi: mafuta mengi yaliyokuwa yakiingia nchini kwa jina la kibatari hayakuwahi kukiona kibatari. Wenye magari walipumua. Watetezi wa hatua hiyo walisema, na wana hoja, kwamba ruzuku inayoliwa na wenye malori si ruzuku ya maskini tena.

Lakini bibi mwenye kibatari alikuwa hajachanganya kitu. Alikuwa ndiye mtu pekee katika mlolongo mzima aliyetumia mafuta ya taa kwa kazi iliyoandikwa kwenye sheria, na ndiye aliyepandishiwa kodi karibu mara nane. Mwenye lori akapunguziwa. Isitoshe, hebu kumbuka 2011 ulikuwa mwaka gani: mwaka wa mgao. Umeme ulikuwa unakatika saa kumi na mbili na zaidi kwa siku. Aliyekuwa na jenereta alipata dizeli yenye ushuru mdogo kuliko mwaka jana, aliyekuwa na kibatari akapandishiwa. Hakuna aliyekaa akapanga ubaya huu. Ulitokea kwa sababu kwenye meza ya hesabu mafuta ya taa yalionekana kama kifaa cha uhalifu, na kifaa hakina watoto wanaosoma usiku.

Mwezi ule ule wa Juni 2011, Nairobi walikwenda upande wa pili kabisa. Waziri wa fedha wa Kenya wakati huo, Uhuru Kenyatta, alifuta ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ya taa ili kuwapunguzia wananchi makali ya maisha. Nchi mbili jirani, bandari mbili zinazoshindana, tatizo moja, majibu yanayopingana. Kwa mtu wa Kibera ilikuwa afueni. Kwa mchanganyaji wa Kenya ilikuwa sikukuu. Mwaka 2016 ushuru ukarudishwa, kama shilingi 7 za Kenya kwa lita, na Septemba 2018 ikaja tozo mpya ya shilingi 18 kwa lita, ambayo jina lake lenyewe lilisema ni ya kuzuia uchanganyaji. Mafuta ya taa Nairobi yakafikia bei ya kukaribiana na dizeli. Majiko ya mafuta ya taa yakazimwa kwa wingi, wengine wakahamia gesi, wengine wakarudi kwenye mkaa. Kwa hiyo Kenya ilichukua miaka saba kufika pale pale tulipofika sisi kwa bajeti moja.

Nipige kona ndogo, maana kuna uchanganyaji mwingine ambao haumpeleki mtu mahakamani. Tofauti kati ya dizeli na dizeli inayoua kimya kimya ni salfa. Ulaya inaruhusu sehemu 10 kwa milioni tangu 2009. Afrika Mashariki tulikubaliana kushuka kutoka 500 hadi 50 kuanzia Januari 2015, na kwa hilo tunastahili pongezi, kwa sababu nchi nyingi za Afrika Magharibi zilikuwa bado zinaruhusu sehemu elfu mbili, elfu tatu, hata zaidi. Septemba 2016 shirika la Uswisi la Public Eye lilitoa ripoti ikionyesha jinsi wafanyabiashara wakubwa wa mafuta wanavyochanganya makusudi dizeli chafu katika bandari za Amsterdam, Rotterdam na Antwerp kisha kuipeleka Afrika Magharibi, wakijaza kila mwanya ambao viwango vya nchi husika vinaruhusu. Hapakuwa na sheria iliyovunjwa. Ghana ilishusha kiwango chake hadi 50 mwaka uliofuata. Mchanganyaji wa Tabata anatumia dumu na mrija, hawa wanatumia meli na mkemia, na tuna neno kwa ajili ya mmoja tu kati yao.

Turudi kwenye ushuru wetu. Mwaka 2015/16 mafuta ya taa yaliongezewa tena, ushuru wa bidhaa ukawa 425, na ada ya petroli iliyokuwa 50 kwa lita ikapelekwa 150, wakati ya petroli na dizeli ilipelekwa 100. Sababu iliyotolewa ilikuwa ile ile, uchakachuaji. Tozo hiyo ilikwenda kwenye umeme vijijini, na hapo angalau kulikuwa na mantiki ya aina yake: mwenye kibatari analipia nguzo itakayofika kwake siku moja.

Halafu Juni 2017. Waziri Dk. Philip Mpango anafuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ile iliyokuwa inawasumbua wenye magari kwa madeni ya miaka nenda rudi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mapato yaliyopotea yakafidiwa kwa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta: petroli, dizeli na mafuta ya taa.

Na mafuta ya taa! Baadhi ya wabunge walisimama kuuliza iweje mtu asiye na gari, asiye na baiskeli, alipie leseni ya magari kupitia taa yake. Jibu lilikuwa lile lile la 2011: tukiyaacha nyuma, yatachakachuliwa. Ushuru wa mafuta ya taa ukawa shilingi 465, dizeli 255.

Tangu siku hizo mengi yamebadilika. Nguzo za REA zimefika vijiji vingi, taa za sola zinauzwa mpaka gulioni, vibatari vimepungua. Sheli nyingi za Dar hazina tena pampu ya mafuta ya taa, na jiko la mchina limebaki kwa wachache. Lakini ukitazama jedwali la bei kikomo za EWURA utayakuta bado, safu ya tatu baada ya petroli na dizeli, bei yake ikitembea bega kwa bega na ya dizeli, mwezi mwingine ikiipita. Wanaonunua sasa ni wale ambao nguzo haijawafikia na hela ya sola haijapatikana. Wananunua robo lita, nusu lita, kwa mtu wa genge ambaye naye ameweka faida yake juu.